Mshale Unadai Nini?

Anayejifunza Django, fremuweki ya kujengea tovuti, awe chuoni Dar es Salaam au nyumbani Kisumu akifuata video, huonyeshwa mchoro uleule. Kushoto kuna kivinjari. Mshale unatoka hapo kwenda kwenye kisanduku cha anwani, kisha kwenye viu, yaani ile funksheni inayopokea ombi na kurudisha jibu. Viu ina mishale miwili. Mmoja unakwenda kwenye modeli na kurudi, na nyuma ya modeli kuna hifadhidata. Wa pili unakwenda kwenye kiolezo kinachotengeneza ukurasa, na ukurasa unarudi kwa mtumiaji. Ni mchoro safi, unaeleweka kwa dakika moja, na ni vigumu kuubishia.

Sasa mwulize aliyeukariri swali moja: hifadhidata inaulizwa lini? Atafuata mishale na kukujibu kwamba viu inaita modeli, modeli inaleta rekodi, halafu viu inazikabidhi kwa kiolezo. Mara nyingi jibu hilo si kweli. Ukiandika ndani ya viu kwamba unataka ankara zote za mwezi huu, hakuna kinachokwenda kwenye hifadhidata. Kinachoundwa ni QuerySet, maelezo ya swali ambalo bado halijaulizwa. Swali huulizwa pale rekodi zinapoanza kupitiwa moja moja, na anayezipitia kwa kawaida ni kiolezo kinapochora orodha. Kama kila mstari wa orodha unataja jina la mteja, na wateja wako kwenye jedwali lao, ukurasa wa ankara 50 utaiuliza hifadhidata mara 51: mara moja kwa ankara zote, halafu mara moja kwa mteja wa kila ankara. Neno moja kwenye viu, select_related, lingeyageuza maswali hayo 51 kuwa 1. Lakini msanidi anayetafuta kwa nini ukurasa unachelewa atakwenda kuchokonoa modeli, kwa sababu mchoro ulimwambia hifadhidata iko huko. Mshale wa kutoka kwenye kiolezo kwenda kwenye hifadhidata haukuchorwa na mtu.

Mchoro ule umedumu kwa sababu hauwezi kukosea. Mishale yake haisemi kama inamaanisha "anamwita", "anamtegemea", "data inapita hapa" au "hiki kinafuata kile". Kila msomaji anajaza maana yake, na wote wanaondoka wameridhika. Msimamo wangu katika safu hii ni kwamba mshale ni dai, na mchoro wa fremuweki humfaa msanidi pale tu kila mshale wake unapodai jambo moja ambalo unaweza kulipima kwa kuendesha msimbo.

Fremuweki ndiyo inayokuita

Fremuweki na maktaba zinatofautiana kwa nani anamwita nani. Maktaba ya kuchakata picha hukaa ikisubiri; msimbo wako unaiita, inafanya kazi, inarudisha matokeo. Fremuweki yenyewe ndiyo inayoongoza shughuli tangu ombi linapofika hadi jibu linapoondoka, na msimbo wako unaitwa pale ulipoachiwa nafasi. Ukiandika viu, hutaona mahali popote katika msimbo wako inapoitwa. Aliyezoea kusoma programu kutoka juu kwenda chini hupotea hapo, kwa kuwa mwitaji hayumo kwenye faili alilofungua.

Umbo hilo lina historia. Django ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, mjini Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakijenga tovuti kwa mwendo wa chumba cha habari. Ilitolewa kwa umma Julai 2005. Yale yanayojirudia katika kila tovuti, kama kusoma anwani, kumtambua mtumiaji na kulinda fomu, yaliwekwa ndani ya njia moja, na mwenye tovuti akabakiwa na nafasi chache za kujaza ili kazi itoke kabla ya saa ya mwisho. Walipokutana wasanidi wa Django wa bara hili Zanzibar, Novemba 2023, katika DjangoCon Africa ya kwanza, wengi wao walikuwa watu wa aina hiyo: hawaandiki Django, wanaandika ndani yake.

Kwa watu hao mchoro una kazi mahususi. Uonyeshe nafasi zilizoachwa wazi, zinaitwa kwa mpangilio gani, na kila moja inapoitwa ni vitu gani vimeshakuwa tayari. Michoro mingi ya fremuweki huonyesha kinyume chake: inaorodhesha vitu ambavyo fremuweki inavyo, kana kwamba ni orodha ya bidhaa, na inaacha nje mambo ambayo fremuweki itakufanyia bila kukuuliza.

Nyenzo za kuchorea tulizorithi hazitoshi zenyewe. Lugha ya UML, iliyoanzishwa na Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson na kupitishwa na shirika la OMG mwaka 1997, inatoa alama za kila aina ya mshale, lakini wasomaji wengi hawazikumbuki. Muundo wa C4 wa Simon Brown unagawa mchoro katika ngazi nne, kuanzia mazingira ya mfumo hadi msimbo, na unafaa sana kwa mfumo uliojengwa tayari. Ukiuchora mfumo wako kwa C4, hata hivyo, utagundua kwamba katika ngazi mbili za juu Django si kisanduku kabisa. Ni maandishi madogo chini ya jina la programu yako yanayotaja teknolojia iliyotumika. Jambo linalomtatiza msanidi liko ngazi ya chini, mahali ambapo vipande vyako vinaitwa na kitu ambacho hakikuchorwa.

Onyo lenye uzito zaidi ni la zamani kuliko zote hizo. Desemba 1972 David Parnas aliandika kwamba kugawa mfumo katika moduli kwa kufuata mtiririko wa hatua zake karibu kila mara ni kosa. Kila moduli ijengwe kuzunguka uamuzi fulani inaouficha wengine wasiuone. Maana yake kwa mchoraji ni kwamba mgawanyo wa moduli na mfuatano wa hatua ni picha mbili. Naye Philippe Kruchten, mwaka 1995, akapendekeza usanifu uonyeshwe kwa mitazamo minne tofauti, ukiongezwa wa tano wa matukio ya matumizi unaoiunganisha. Rudi sasa kwenye mchoro wa mwanzo, ule wa visanduku vinne: anwani, viu, modeli na kiolezo. Visanduku vyake ni moduli, lakini mishale yake ni hatua. Zimechanganywa picha mbili, na ndiyo maana swali la hifadhidata linakosa jibu: moduli ya modeli ndiyo inayojua kuiuliza hifadhidata, lakini hatua ya kuuliza inatokea wakati kiolezo kinafanya kazi.

Kitunguu kilichochelewa

Mfano mzuri wa mshale uliodai zaidi ya ukweli ni ule wa midoweya. Midoweya ni tabaka ambalo ombi hulipita kabla ya kufika kwenye viu, na jibu hulipita likirudi. Mradi mpya wa Django huja na saba kwenye orodha ya MIDDLEWARE, kuanzia SecurityMiddleware hadi XFrameOptionsMiddleware. Mfano uliozoeleka wa kuzieleza ni kitunguu: viu iko katikati, kila midoweya ni ganda, ombi linaingia kutoka ganda la nje na jibu linatoka kwa kupita maganda yaleyale kinyumenyume.

Kwa miaka mingi picha hiyo ilikuwa ya kweli siku ambayo mambo yalikwenda sawa tu. Tuseme midoweya ya tatu imekataa ombi na kurudisha jibu palepale. Kwa picha ya kitunguu, jibu lingepita ya tatu, ya pili na ya kwanza, basi. Katika mfumo wa zamani wa MIDDLEWARE_CLASSES, jibu lilipitishwa kwenye midoweya zote, pamoja na zile za ndani ambazo hazikuwahi kuliona ombi. Midoweya ya ndani iliyotegemea kitu ilichokiweka kwenye ombi wakati wa kuingia ilikuta hakipo. Waandishi makini walilazimika kujihami ndani ya msimbo wa kutokea, wakihoji kwanza kama kile walichopaswa kuwa wamekiweka kiko.

Toleo la 1.10, lililotoka Agosti 2016, ndilo lililoleta orodha mpya ya MIDDLEWARE na kuufanya msimbo ufanane na kitunguu: jibu linapita tabaka zilezile tu zilizoliona ombi. Toleo la 2.0, Desemba 2017, likaondoa kabisa mfumo wa zamani. Kilichotokea ni kwamba picha ilidai, msimbo ukapingana nayo, na waliotunza fremuweki wakaona picha ndiyo yenye haki. Hapo tunaona faida ya mshale wenye maana moja. Pengo kati ya dai na tabia likionekana, unaweza kuamua kipi kirekebishwe. Kwenye mchoro wa mishale isiyosema kitu, pengo kama lile halionekani kamwe.

Hata hivyo, kitunguu bado hakitoshi, na hili linaonekana vizuri kwa kufuatilia ombi moja.

Taarifa ya malipo inapokataliwa

Chukua duka la mtandaoni linalopokea malipo kwa M-Pesa. Mteja anaweka PIN kwenye simu, na baada ya muda seva ya malipo inatuma matokeo kwa njia ya POST, yakiwa katika muundo wa JSON, kwenye anwani ambayo msanidi aliisajili. Msanidi ameandika viu ya kuyapokea. Ameijaribu kwa kuiita moja kwa moja kutoka kwenye msimbo wake, nayo inafanya kazi. Anaiweka kwenye seva; taarifa hazifiki. Anaweka mstari wa kuchapisha kumbukumbu mwanzoni kabisa mwa viu. Hakuna kinachochapishwa. Kumbukumbu za seva zinaonyesha ombi limekuja na limejibiwa 403.

Mchoro wa visanduku vinne hauna msaada wowote hapa, maana ndani yake hakuna kitu kati ya anwani na viu. Mchoro wa kitunguu unasaidia kidogo: utamfanya ashuku midoweya, na kwa kusoma majina atafika kwenye CsrfViewMiddleware, ile inayozuia tovuti nyingine isitume fomu kwa jina la mtumiaji wako. Seva ya malipo haina tokeni ya CSRF, kwa hiyo imekataliwa. Dawa inajulikana: viu hiyo iwekewe csrf_exempt, na uhalali wa taarifa uthibitishwe kwa njia nyingine.

Lakini msomaji makini wa kitunguu atauliza: midoweya hii iko ganda la nje, na viu gani itashughulikia ombi hili hujulikana katikati, baada ya anwani kusomwa. Itajuaje basi kwamba viu ninayoielekea imesamehewa? Kwa picha ya kitunguu haiwezekani. Jibu ni kwamba midoweya ina nafasi zaidi ya mbili za kuitwa. Mbali na kuingia na kutoka kuna process_view, ambayo Django huiita ikiwa katikati kabisa, baada ya kuitambua viu na kabla ya kuiendesha. CsrfViewMiddleware hufanya ukaguzi wake hapo, ikiwa imeshaishika viu mkononi na kuitazama kama ina alama ya msamaha. Na kwa kuwa wakati huo midoweya zote zimeshaliona ombi, jibu la 403 litapita zote likitoka, tofauti na lile la aliyekataa wakati wa kuingia.

Huo ni mshale mmoja, unaotoka katikati ya kitunguu kurudi kwenye ganda. Ukiuchora, mambo matatu yanaeleweka kwa pamoja: kwa nini viu haikuchapisha kitu, kwa nini csrf_exempt inafanya kazi ingawa imeandikwa juu ya viu ambayo bado haijaitwa, na kwa nini majibu ya 403 yanaonekana kwenye kumbukumbu za midoweya nyingine. Ukiuacha, msanidi atajifunza dawa kwa kukariri, na kesho atabandika csrf_exempt mahali pasipostahili.

Palepale kuna mtego mwingine unaostahili kuandikwa pembeni mwa mchoro. Kama anwani iliyosajiliwa haina mkwaju wa mwisho na ile iliyoandikwa kwenye urls.py inao, CommonMiddleware kwa kawaida itajibu 301 ikielekeza kwenye anwani yenye mkwaju. Kivinjari kinafuata bila shida. Seva inayotuma POST inaweza isifuate kabisa, au ikafuata kwa GET isiyobeba chochote. Kwa mara nyingine viu haina kosa, na wala haikuitwa.

Njia ya hitilafu

Wachoraji wengi huchora njia ya heri: ombi linaingia, jibu linatoka. Msanidi anaufungua mchoro siku ya balaa, na njia ya balaa haipo.

Fikiria mtu anayetaka hitilafu zote za mfumo wake zitumwe kwenye kundi la timu. Anaandika midoweya, anazungushia try na except pale inapoita tabaka linalofuata, na anaiweka juu kabisa ya orodha ili ione kila kitu. Viu inaanguka, mtumiaji anapata ukurasa wa 500, timu haipati ujumbe. Mantiki yake ni sahihi kwa mujibu wa kitunguu: kilichoanguka ndani kinapaswa kupasua maganda hadi nje. Django haifanyi hivyo. Kila tabaka limefungwa ndani ya funksheni iitwayo convert_exception_to_response, ambayo hugeuza hitilafu kuwa jibu kabla haijavuka kwenda tabaka la nje yake. Kwa hiyo midoweya haioni hitilafu ikipita. Inaona jibu la kawaida lenye namba 500. Anayetaka hitilafu yenyewe ana nafasi yake, process_exception, ambayo huitwa viu inapoanguka, kuanzia midoweya ya ndani kwenda ya nje.

Kwenye mchoro, jambo hili linahitaji mstari wa aina ya pili, tuseme mwekundu, unaotoka kwenye viu, unapita process_exception za midoweya kutoka ndani kwenda nje, na kama hakuna iliyotoa jibu, unageuka kuwa mshale wa kawaida wa jibu palepale karibu na katikati. Msomaji akiuona mstari mwekundu unaishia ndani na mweusi ukiendelea kutoka, ataelewa kwa nini try yake haikukamata kitu.

Mpaka wa muamala wa hifadhidata nao ni wa kuchorwa, na karibu hakuna anayeuchora. Ukiwasha ATOMIC_REQUESTS, Django hufungua muamala kuizunguka viu. Wengi huamini kwamba ombi zima limo ndani. Midoweya ziko nje ya muamala huo. Ukurasa unaotengenezwa ndani ya viu kwa render umo ndani, lakini TemplateResponse hutengenezwa baadaye, nje ya mpaka. Sasa unganisha na yale ya QuerySet: kama kiolezo cha TemplateResponse ndicho kinachoiuliza hifadhidata, maswali hayo yanaulizwa baada ya muamala kufungwa, na hitilafu itakayotokea huko haitatengua yale viu iliyokwisha kuandika. Mstari wa vipandevipande kuzunguka kisanduku cha viu ungeyasema haya yote bila aya hii.

Kabla ya ombi la kwanza

Kuna mishale ambayo haimo kwenye njia ya ombi, kwa sababu kazi yake imekwisha kabla ya ombi la kwanza kufika. Django inapoanza hupitia hatua tatu: inapakia mipangilio ya kila programu iliyotajwa kwenye INSTALLED_APPS, kisha inapakia modeli za programu zote, halafu inaita ready() ya kila moja. Anayegusa modeli kabla hatua ya pili haijakamilika hupata AppRegistryNotReady, kosa linalowasumbua sana wageni kwa kuwa mstari uliolalamikiwa hauna dosari yoyote. Uliitwa mapema tu.

Ndani ya ready() ndipo ishara nyingi huunganishwa, kwa mfano funksheni ya kumtumia mteja barua kila ankara inapohifadhiwa. Ishara ni mishale iliyofichwa. Ukisoma viu utaona ankara.save() na hutaona barua popote. Ukibadilisha viu ikatumia update() ya QuerySet ili kurekebisha ankara 500 kwa mkupuo, barua zitakoma kimya kimya, kwa sababu njia hiyo haitoi post_save. Mchoro wa uanzishaji unaoonyesha nani alijiandikisha kusikiliza nini ungekuonya mapema.

Tukio la kuanza na tukio la kuhudumia ombi yasichorwe kwenye karatasi moja. Moja hutokea mara moja kwa kila mchakato wa seva, lingine maelfu ya mara. Yakichanganywa, msomaji ataamini kwamba ready() huitwa kwa kila ombi, na atakwenda kuweka humo kazi isiyohusika.

Michoro mitatu na ufunguo wake

Kwa hiyo, timu inayotumia Django, au fremuweki yoyote ya jamii yake, iwe na michoro mitatu: njia ya ombi ikiwa na mistari yake ya hitilafu, uanzishaji, na utegemezi wa moduli, yaani nani anaingiza faili la nani. Huo wa mwisho ndio rahisi kuliko yote, kwa kuwa unaweza kutolewa na programu. Hata mahusiano ya modeli huchorwa na programu: Django-extensions ina amri ya graph_models ya kazi hiyo. Usipoteze Jumamosi kuuchora kwa mkono. Hiyo miwili ya kwanza haitolewi na mashine, na ndiyo inayostahili jasho.

Katika kila mchoro, msimbo wa fremuweki uwe na sura moja na nafasi ya msanidi iwe na sura nyingine. Visanduku vilivyojaa rangi kwa Django na vilivyo wazi kwako vinatosha. Juu ya kila mshale andika kitenzi: "anaita", "anarudisha", "anauliza", "anasikiliza". Mshale uliokosa kitenzi ufutwe hadi utakapokipata. Ufunguo wa alama uwe kwenye pembe ya mchoro, na toleo la fremuweki liandikwe pamoja na tarehe. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwenye michoro ya programu mwenye macho huona alichokuja nacho, lazima aambiwe.

Kuandika toleo si urasimu. Django 3.0, Desemba 2019, ilianza kuhudumia kupitia ASGI, na 3.1, Agosti 2020, ikaleta viu za async. Tangu hapo njia ya ombi inaweza kuhama kutoka uzi mmoja wa uchakataji kwenda mwingine, na midoweya moja isiyo ya async ikikaa katikati huilazimisha Django kutumia uzi kwa kila ombi, hata kama viu ni ya async. Mchoro wa mwaka 2018 hauna mshale huo. Haukuwa na kosa ulipochorwa. Unampotosha anayeusoma leo bila kujua umri wake.

Mahali pa kuuhifadhi ni karibu na msimbo. Mermaid na PlantUML huandika mchoro kama maandishi, na tangu Februari 2022 GitHub huonyesha mchoro wa Mermaid moja kwa moja ndani ya faili la Markdown. Faida kubwa ni kwamba badiliko la mchoro husomwa na kupingwa na wenzako sambamba na badiliko la msimbo. Mchoro uliobandikwa kama picha huzeeka bila mtu kuutazama.

Kuupima mchoro

Nimesema mshale ni dai, basi na lipimwe. Kwa njia ya ombi, kipimo kiko mkononi mwa kila mmoja. Weka breakpoint() ndani ya viu, tuma ombi moja, kisha andika w. Python itakuorodheshea waitaji wote, kutoka seva hadi hapo uliposimama. Utaona jozi ikijirudia: __call__ kutoka faili la deprecation.py, na inner kutoka faili la exception.py. Kila jozi ni midoweya moja na kile kifuniko chake cha kugeuza hitilafu. Zihesabu, zilinganishe na orodha ya MIDDLEWARE na mchoro wako. Halafu iache viu ianguke kwa makusudi na usome ripoti ya hitilafu. Safari hii inner iko moja tu, iliyo karibu na viu, kwa sababu hitilafu iligeuzwa jibu papo hapo na haikuendelea kwenda nje. Mstari mwekundu uliouchora umethibitika kwa dakika tano.

Madai ya hifadhidata yana kipimo chake pia. Jaribio linalotumia assertNumQueries litakuambia idadi ya maswali, na ukilizungushia kiolezo peke yake utajua kama ndicho kinachouliza. Jaribio hilo likikaa kwenye mradi, mshale wako umepata mlinzi: siku mtu atakapoubadilisha mwenendo, jaribio litaanguka na mchoro utaitwa mezani.

Mwisho, mpe mchoro aliyejiunga na timu wiki hii, bila maelezo ya mdomo, na umwulize maswali matatu. Msimbo wangu unaitwa na nani, na kabla yake kimeshafanyika nini? Nikirudisha jibu mapema au nikianguka, nani ataliona? Hifadhidata inaguswa wapi, na muamala unaishia wapi? Akijibu kwa kuutazama, mchoro umefuzu. Akilazimika kufungua msimbo kwa swali lolote, umejua mshale upi haupo.

Mchoro wa visanduku vinne hauna ubaya katika somo la kwanza. Ubaya ni kumwachia huo peke yake mtu anayehudumia malipo ya watu. Mchoro wa mishale inayopimika utakutwa na makosa mara kwa mara, utahitaji kurekebishwa kila toleo linapobadilika, na utakula saa za kazi. Timu isiyo tayari kulipa gharama hiyo ni afadhali iufute na kubaki na msimbo, kwa maana msimbo walau haujawahi kudai kitu usichokifanya.